Soma Sheria Kabla ya Jedwali: Kupima Pengo la Kipato kwa Kumbukumbu za Kodi

Hotuba kwa watafiti vijana, waandishi wa habari na wanafunzi wa takwimu, Dar es Salaam

Ndugu wanataaluma, ndugu waandishi wa habari, wanafunzi wetu, mabibi na mabwana,

Panapozuka mjadala wa walionacho na wasionacho katika nchi yetu, takwimu zinazotajwa karibu zote hutoka sehemu moja, nayo ni utafiti wa mapato na matumizi ya kaya. Ni utafiti wa lazima, na bila huo tusingejua lolote la maana kuhusu umaskini. Lakini una upofu wake. Mdadisi akifika Manzese au Mbagala huvutiwa kiti, akajibiwa maswali ya unga, mkaa na nauli. Akifika Masaki hukutana na mlinzi getini, naye humwambia bosi amesafiri. Hata bosi akipatikana, sampuli ya kaya elfu chache kwa nchi nzima humfikia mwenye kipato cha juu kabisa kwa bahati tu, na huyo naye hana sababu ya kutaja kila kinachomwingia. Tena dodoso halirudi nyuma. Mwaka 1950 hakuna aliyezunguka Tanganyika nzima akiuliza kaya zinapata kiasi gani.

Kumbukumbu za kodi zina upofu wa upande wa pili. Mkulima wa mtama, mvuvi wa ngalawa na mchuuzi wa vitumbua hawamo. Waliomo ni wale ambao serikali iliona inafaa kuwafuata: wakurugenzi, wafanyabiashara wakubwa, mawakili, wenye mashamba makubwa, maofisa waandamizi. Kwa mtu anayetaka kujua sehemu ya pato la nchi iliyokwenda kwa walio juu, hao ndio hasa anaowatafuta.

Jambo tunalotaka mlishike leo ni hili. Kumbukumbu ya kodi iliandikwa ili kukusanya fedha. Nani ahesabiwe, kipi kiitwe mapato, nini kipunguzwe kwanza, yote yaliamuliwa na kifungu cha sheria. Asiyesoma sheria ya mwaka husika atapima mabadiliko ya sheria huku akiamini anapima mabadiliko ya maisha ya watu. Makosa mengi tunayoyaona katika kazi za aina hii hayatokani na hesabu ngumu. Yanatokana na kufungua jedwali kabla ya kufungua sheria.

Kazi hii ina historia. Vilfredo Pareto, mwanauchumi wa Italia, mwishoni mwa karne ya 19, alichukua majedwali ya kodi ya nchi na miji kadhaa ya Ulaya akaona mpangilio unaojirudia kwa walio juu: ukiongeza kizingiti cha mapato mara mbili, idadi ya waliokivuka hupungua kwa uwiano unaokaribia kuwa uleule, popote unapoanzia. Mwaka 1953 mwanauchumi Simon Kuznets alitumia ritani za Marekani, yaani fomu ambazo walipakodi hutaja mapato yao, za 1913 hadi 1948, akagawanya mapato ya walio juu kwa mapato ya nchi nzima. Baada ya hapo mbinu ikalala kwa miaka mingi. Thomas Piketty aliifufua mwaka 2001 kwa takwimu za Ufaransa, ambako kodi ya mapato ilipitishwa 1914 na kutozwa kwanza kwa mapato ya 1915. Mwaka 2003, pamoja na Emmanuel Saez, akaifanya kwa Marekani. Anthony Atkinson, aliyefariki mwaka 2017, ndiye aliyeileta kwetu: alikusanya takwimu za kodi za makoloni ya zamani ya Uingereza, zikiwemo za Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar.

Sasa tuingie kwenye makabati yetu wenyewe.

Kodi ya kwanza ya kikoloni iliyowafikia watu wengi hapa haikuwa ya mapato. Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897. Mwaka 1905 wakaiweka kuwa rupia 3, na mwaka huohuo Maji Maji ikalipuka. Waingereza wakaendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa kwa sheria ya 1922. Daftari za kodi hizi ni nyingi na zinavutia, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayetaka kuzitumia kupima tofauti za kipato. Haziwezi kufanya kazi hiyo. Kiwango kilikuwa kimoja kwa eneo zima, kwa hiyo mwenye ng'ombe mia na asiye na mbuzi wanaonekana sawa. Zitumieni kuhesabu watu na makazi, na hapo zinasaidia sana.

Kodi ya mapato yenyewe ilianza Kenya mwaka 1937. Tanganyika, Uganda na Zanzibar zikafuata 1940, katikati ya vita. Usimamizi ulikuwa wa pamoja. Idara ya Kodi ya Mapato ya Afrika Mashariki, yenye makao Nairobi, iliendesha kazi kwa sheria moja ya usimamizi, ya 1952 na baadaye ya 1958, huku kila nchi ikipanga viwango vyake na nafuu zake, yaani kiasi kinachoondolewa kwenye mapato kabla ya kutoza. Idara hiyo ikahamia chini ya Shirika la Huduma za Pamoja mwaka 1961, kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1967, mpaka ilipovunjwa na Tanzania ikatunga Sheria ya Kodi ya Mapato Namba 33 ya 1973. Maana yake kwa mtafiti ni kwamba jedwali la Tanganyika mara nyingi limo ndani ya ripoti ya mwaka iliyochapishwa Nairobi, pamoja na majirani zake watatu. Ukizunguka rafu za Tanganyika peke yake utasema takwimu hazipo, kumbe zipo. Anzeni Nyaraka za Taifa pale Upanga na mkusanyiko wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa Zanzibar, nendeni Nyaraka za Kilimani.

Mkilipata jedwali, msianze kunakili. Jibuni kwanza maswali manne, kwa maandishi, kwa kila mwaka.

La kwanza, safu ya mapato ni mapato gani? Yapo mapato yote kabla ya nafuu, na yapo mapato yanayotozwa kodi baada ya kutoa nafuu ya mke, watoto, bima na mengineyo. Mtu mwenye watoto wanne anaweza kushuka madaraja mawili kwa sababu ya watoto tu. Ukiunganisha miaka mitano ya safu ya kwanza na miaka mitano ya safu ya pili, utapata anguko la ghafla ambalo halikutokea katika mfuko wa mtu yeyote.

La pili, mlipakodi ni nani? Kwa sheria za kikoloni na baada yake, mapato ya mke yalihesabiwa kuwa ya mume. Kizio basi ni wanandoa, si mtu mmoja. Uingereza ilitenganisha mume na mke mwaka 1990, na mfululizo wao wa takwimu una mpasuko mwaka huo ambao kila mchambuzi makini huuwekea alama. Angalieni pia kama kampuni zimechanganywa na watu binafsi. Mara nyingi zina jedwali lake, lakini jumla ya chini ya ukurasa inaweza kuwa ya wote.

La tatu, mwaka uliotajwa ni wa nini: mwaka ambao fedha ziliingia, au mwaka ambao makadirio ya kodi yalitolewa? Afisa wa kodi wa Dar es Salaam aliweza kufanya makadirio ya mapato ya miaka mitatu nyuma ndani ya mwaka mmoja, hasa kwa wafanyabiashara ambao hesabu zao zilichelewa. Kwa hiyo jedwali linalochapishwa mapema huwakosa wenye mapato ya biashara, yaani matajiri wengi, na kuwajaza waajiriwa ambao taarifa zao hufika upesi. Ikiwa ripoti ya mwaka unaofuata imerudia mwaka uleule kwa takwimu zilizokamilika zaidi, tumieni ya baadaye na mwandike kwamba mmefanya hivyo.

La nne, fedha ni ipi? Ripoti nyingi za kipindi hicho ziliandikwa kwa pauni, wakati mishahara na bei zilitajwa kwa shilingi, 20 kwa pauni moja. Shilingi ya Tanzania ilianza Juni 1966. Kosa la kuzidisha au kusahau 20 linaonekana la kitoto, lakini likishaingia kwenye lahajedwali lenye safu arobaini halijitangazi.

Baada ya hapo ndipo mnaponakili. Nakilini kila safu na jumla yake, kisha jumlisheni wenyewe mlinganishe na jumla iliyochapwa. Kwenye nakala za mashine ya taipu zilizofifia, 3 na 8 hufanana, na 1 hugeuka 7. Jumla isipolingana, tofauti yenyewe mara nyingi inaonyesha tarakimu yenye kosa: tofauti ya 5,000 kamili karibu kila mara ni 3 iliyosomwa 8 katika nafasi ya maelfu.

Sasa hesabu. Tuchukue jedwali la kubuni, ili namba ziwe rahisi. Nchi ina watu wazima 4,000,000. Jedwali la kodi linasema watu 6,000 walipata zaidi ya pauni 1,000, na kwa pamoja walipata pauni 12,000,000. Kati yao, 1,500 walivuka pauni 2,000, na kwa pamoja walipata pauni 6,000,000. Tunataka sehemu ya mapato iliyokwenda kwa mtu mmoja wa juu katika kila elfu moja, yaani watu 4,000.

Tatizo ni kwamba jedwali limekata kwenye 6,000 na 1,500. Halijakata kwenye 4,000. Hapa ndipo Pareto anapoingia. Chukueni wastani wa mapato ya waliovuka kizingiti, mgawanye kwa kizingiti chenyewe. Kwa kizingiti cha 1,000, wastani ni 2,000, mgawo ni 2. Kwa kizingiti cha 2,000, wastani ni 4,000, mgawo ni 2 tena. Mgawo huu tuuite mgawo wa Pareto. Ukiugawanya kwa mgawo huohuo uliotolewa moja, unapata kipeo cha mgawanyo, kinachoonyesha watu hupungua kwa kasi gani kizingiti kinapopanda. Hapa ni 2 gawanya kwa 1, sawa na 2.

Kizingiti cha watu 4,000 hupatikana hivi: 6,000 gawanya kwa 4,000 ni 1.5, kwa kuwa kipeo ni 2, tunatafuta kipeuo cha pili cha 1.5, ambacho ni 1.2247, tunazidisha kwa 1,000 na kupata pauni 1,225 hivi. Wastani wa waliokivuka ni mara mbili yake, karibu 2,449. Zidisha kwa watu 4,000, unapata pauni milioni 9.8. Hicho ndicho kiasi chetu, namba ya juu ya sehemu.

Kwa nini tusigawanye daraja kwa mstari ulionyooka? Kwa sababu kati ya 1,000 na 2,000 watu hawakusambaa sawasawa, wengi wamejaa karibu na 1,000. Anayepiga mstari ulionyooka atatoa watu 2,000 kati ya 4,500 wa daraja hilo na kusema kizingiti ni pauni 1,444. Amekosea kwa karibu asilimia 18, katika hatua ya kwanza tu.

Kokotoeni mgawo wa Pareto kwenye kila kizingiti cha jedwali, hata kama mnahitaji kimoja. Katika jedwali zuri hubadilika polepole. Ukiona 2.1, 2.0, 3.4, 1.9, simameni hapo, kwa sababu ama kuna kosa la taipu, ama daraja limeunganishwa, ama ritani kubwa za miaka ya nyuma zimeingizwa mwaka huo.

Na msizidi pale jedwali linapoishia. Katika mfano wetu, kama walipakodi wote ni 15,000, hao hawafiki hata nusu ya asilimia moja ya watu wazima 4,000,000. Asilimia moja ni watu 40,000. Kuikadiria kutoka kwenye jedwali hilo ni kubuni. Ndiyo maana kwa nchi kama yetu ya miaka ya 1950 tunazungumzia mmoja katika elfu au chini ya hapo, na anayewaletea asilimia 10 ya juu ya Tanganyika ya 1948 kwa kumbukumbu za kodi peke yake mwombeni aonyeshe amefikaje.

Umri nao unabadilisha jibu. Mtu mzima ni wa miaka 15 au 20? Katika nchi changa kama yetu kundi la miaka 15 hadi 19 ni kubwa. Tuseme kwa kukata kwenye 20 watu wazima wanabaki 3,300,000. Sasa mmoja katika elfu ni watu 3,300, kizingiti kinapanda hadi 1,348, na mapato yao ni milioni 8.9 badala ya 9.8. Hakuna aliyepata wala kupoteza shilingi. Tumebadilisha uamuzi wetu tu. Kwa Tanganyika, idadi ya watu wazima inatoka kwenye sensa za 1948 na 1957, kisha 1967, na miaka ya katikati inakadiriwa kwa kasi ya ukuaji kati ya sensa mbili.

Tukija kwenye asili, namba ya chini ya sehemu, hapa ndipo pagumu kweli, na ndipo tunapoomba muda zaidi. Ulaya na Marekani ugomvi mkubwa uko kwenye kiasi. Kwetu uko kwenye asili.

Asili ni mapato yote ya watu wote, wakiwemo wasiolipa kodi. Kwa Tanganyika ya wakati huo, sehemu kubwa ya mapato hayo haikupita sokoni kabisa: mahindi yaliyolimwa yakaliwa nyumbani, maziwa, samaki, nyumba iliyojengwa kwa mikono ya wenyewe. Alan Peacock na Douglas Dosser walikadiria pato la taifa la Tanganyika la 1952 hadi 1954, na kila mwenye kazi kama hiyo alilazimika kuamua debe la mahindi yasiyouzwa lina thamani gani. Ukitumia bei ya shambani, ni ndogo. Ukitumia bei ya dukani mjini, umeongeza gharama za usafiri na faida ya mwenye duka juu ya chakula ambacho hakikutoka kijijini.

Rudini kwenye mfano wetu. Mapato yote ya nchi ni pauni milioni 140, na ndani yake milioni 28 ni chakula cha kujikimu. Sehemu ya watu 4,000 wa juu ni 9.8 kwa 140, sawa na asilimia 7.0. Ondoeni chakula cha kujikimu, asili inakuwa 112, na sehemu yao inapanda hadi asilimia 8.75. Tofauti hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko mabadiliko ya miaka kumi mnayotaka kuyaeleza. Kumwondoa mkulima kwa sababu hakuuza mahindi yake ni kumfanya asiwepo, na sisi tunasimama kwamba chakula chake lazima kihesabiwe. Lakini toeni matokeo ya bei zote mbili, kwa miaka yote, na muangalie kama mwelekeo unabaki uleule. Mwelekeo ukigeuka kwa kubadilisha bei ya mahindi, basi hamna matokeo bado.

Kuna mtego mwingine wa asili, nao ni mkonge. Mashamba mengi makubwa yalikuwa ya kampuni zenye wanahisa nje ya nchi. Faida yake imo ndani ya pato lililozalishwa Tanganyika, lakini haikumfikia mkazi yeyote wa Tanga. Anayegawanya mapato ya wakazi wa juu kwa pato lote lililozalishwa nchini anaweka chini ya mstari fedha ambazo haziwezi kamwe kutokea juu ya mstari, na sehemu ya walio juu inaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa. Toeni faida za kampuni zilizotoka nje, na pia faida ambazo kampuni ilizibakiza bila kutoa gawio, kwa sababu jedwali la watu binafsi halizioni. Bei ya mkonge ilipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakati wa vita vya Korea, kosa hili lilipanda nayo.

Jambo moja jepesi katika kazi hii: sehemu ni uwiano wa mwaka mmoja, kwa hiyo fahirisi ya bei haihitajiki. Hamna haja ya kubishana shilingi ya 1950 ni sawa na ngapi leo.

Sasa mipasuko ya muda. Marekani inatufundisha vizuri kwa sababu takwimu zake zimechunguzwa na watu wengi wenye maoni yanayopingana. Kwa hesabu za Piketty na Saez, asilimia moja ya juu mwaka 1928 ilipata karibu asilimia 20 ya mapato ukiacha faida ya kuuza mali, na karibu asilimia 24 ukiiingiza. Mwaka mmoja, nchi moja, namba mbili, zote halali, na mara nyingi gazeti hutaja moja bila kusema ni ipi. Kisha takwimu zao za kabla ya 1944 zilipangwa kwa mapato baada ya makato, na kuanzia 1944 kwa mapato kabla ya makato mengi. Wakati huohuo wigo wa walipakodi ulipanuka sana kwa ajili ya vita. Vincent Geloso na wenzake, mwaka 2022, walirudia marekebisho ya kipindi hicho wakapata viwango vya chini zaidi vya kabla ya vita, na mteremko wa katikati ya karne usio mkali kama ulivyochorwa mwanzo.

Mwaka 1986 Marekani ilishusha kiwango cha juu cha kodi ya mtu binafsi kutoka asilimia 50 hadi 28, chini ya kiwango cha kampuni cha 34. Wenye kampuni wakabadilisha usajili ili faida ionekane kwenye ritani zao binafsi. Sehemu ya walio juu ikaruka. Kiasi gani cha mruko huo ni utajiri mpya na kiasi gani ni fedha zilezile zilizohama fomu? Gerald Auten na David Splinter wanasema ongezeko halisi tangu miaka ya 1960 ni dogo mno baada ya kodi. Piketty, Saez na Gabriel Zucman wanasema ni kubwa. Tofauti yao kubwa iko kwenye namna ya kugawa mapato ambayo hayaandikwi kwenye ritani, yakiwemo yaliyofichwa. Somo kwetu ni kutazama viwango vya kodi ya mtu na vya kampuni kwa pamoja, kila vinapobadilika. Norway walitangaza kodi ya gawio kuanzia 2006, na mwaka 2005 wenye kampuni wakajitolea magawio makubwa mno. Mwaka mmoja wa namna hiyo, ukiuchagua kuwa mwisho wa mchoro, unadanganya mchoro mzima.

Kwetu kuna mipasuko ambayo ni ya sheria na ya maisha kwa pamoja, na inahitaji uangalifu zaidi. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika kampuni, au nyumba za kupangisha. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakaenda chini ya Msajili wa Majumba. Kariakoo na katikati ya jiji kodi za pango ziliacha kuingia kwa wenye nyumba. Sehemu ya walio juu ikishuka katika miaka hiyo, sehemu ya anguko ni ya kweli: mapato yalihama kutoka kwa watu kwenda serikalini. Lakini sheria zote mbili pia ziliwapa watu sababu ya kuandikisha mali kwa jina la mtoto au ndugu, na wengine waliondoka nchini. Njia ya kutenganisha ni kutazama aina za mapato, sio jumla: pango likianguka 1971 na 1972 huku mishahara ikibaki palepale, mnaona utaifishaji. Vyote vikianguka kwa pamoja, shukuni uhamaji wa watu au udhaifu wa ukusanyaji.

Kuhusu utajiri, yaani mali yenyewe badala ya mapato ya mwaka, tutapita haraka. Kumbukumbu kongwe zinapatikana Ulaya. Dola ya Florence, Italia, mwaka 1427 iliorodhesha mali za kaya zipatazo 60,000 za mji na maeneo yake, lakini nyumba ya kuishi haikuhesabiwa na kila mdomo, yaani kila mtu wa kaya, ulipunguziwa sarafu za florini 200. Asiyejua hivyo ataona kaya nyingi za mji hazina kitu. Ufaransa ina kumbukumbu za mirathi tangu Mapinduzi, na ndizo zilizowezesha kuupima utajiri wa Paris kuanzia 1807. Njia ya mirathi huchukulia waliokufa kuwa sampuli ya walio hai. Kama katika umri fulani anakufa mmoja kati ya 50 kwa mwaka, kila mirathi ya umri huo inazidishwa kwa 50. Hitilafu yake kuu ni kwamba tajiri huishi zaidi. Akifa mmoja kati ya 80 na wewe ukazidisha kwa 50, umepoteza zaidi ya theluthi moja ya mali ya kundi hilo. Kwa vijana hali ni kinyume: tajiri mmoja wa miaka 25 akifa kwa ajali, mali yake inazidishwa kwa mamia na kupotosha mwaka mzima, kwa hiyo wastani wa miaka mitatu hadi mitano ni salama zaidi. Mafaili ya mirathi katika mahakama zetu yanaweza kutumika hivi, ila nyumba isiyo na hati na shamba la ukoo mara nyingi hayamo.

Tumalizie na kumbukumbu za leo, kwa sababu ndizo zitakazokuwa historia ya wajukuu wetu. Mwajiriwa asiyefikisha shilingi 270,000 kwa mwezi hatozwi, kwa hiyo jedwali la kodi ya mishahara linaanza hapo. Mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 100 kwa mwaka anaweza kukadiriwa kwa mauzo, na faida yake haijulikani. Gawio, na riba ya benki ya mtu binafsi, hukatwa kodi pale pale inapolipwa, na hiyo ndiyo kodi ya mwisho. Hayahitaji kuonekana kwenye ritani ya mpokeaji. Hizo za mwisho ni hasa fedha za walio juu. Anayetumia ritani peke yake kupima Tanzania ya leo anaacha nje mapato ya mtaji, na inabidi ayatafute kwa upande wa mlipaji: kampuni na benki zilizokata kodi hiyo.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inalinda siri za mlipakodi, na ni sawa ilinde. Hatuhitaji jina la mtu. Mkiandika barua kuomba takwimu Mamlaka ya Mapato, ombeni jedwali la madaraja, na mlieleze kwa ukamilifu: idadi ya watu katika kila daraja, jumla ya mapato yao kabla ya makato, na mgawanyo wa mishahara, biashara na pango. Madaraja ya juu yawe membamba, kwa mfano kwa mwezi milioni 1, 2, 5, 10, 20, 50, na daraja lenye watu wachache mno liunganishwe na lililo chini yake. Msipokee daraja la mwisho lenye idadi ya watu peke yake. "Zaidi ya milioni 50, watu kadhaa" haina matumizi bila jumla ya mapato yao, kwa sababu hatuwezi kupata wastani, na bila wastani hakuna mgawo wa Pareto. Ombeni pia miaka iliyopita kwa madaraja yaleyale, pamoja na nakala ya fomu ya ritani iliyotumika kila mwaka, ili atakayefanya hesabu hii miaka thelathini ijayo ajue kila safu ilikuwa ikiuliza nini.